Blanketi la angani halina moto wake

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Lakini je, mkuu mwenyewe akikataa kusikia la mtoto? Hilo ndilo swali nililojiuliza asubuhi moja ya Julai 2022, simu yangu ilipolia kabla ya saa kumi na mbili. Alikuwa kakangu mdogo ambaye anaishi na Mama kule Kinangop Kusini.

"Njoo haraka," alisema. "Mama ameanguka mlangoni."

Mama hakuwa mgonjwa wala hakujikwaa. Usiku huo alikuwa ameingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia ili upepo usipite, kisha akalala. Alfajiri aliamka kichwa kikimgonga na tumbo likimchafuka. Alijikokota hadi mlangoni, akafaulu kuufungua, halafu miguu ikamkataa. Hewa safi iliyoingia ndiyo iliyomwokoa. Kakangu alimkuta akiwa ameketi sakafuni, macho wazi lakini hajui siku wala saa.

Daktari aliyemtibu alitueleza jambo ambalo kila familia inayotumia makaa yafaa ilijue. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Moshi utakufanya ukohoe ukimbie, lakini gesi hii haikuambii lolote. Ikiingia mapafuni hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu huweza kulala usingizi asiamke tena. Kuacha jiko liwake hadi makaa yawe mekundu bila moshi, kama wengi tunavyofanya tukidhani tumeondoa hatari, hakusaidii. Makaa mekundu bado hutoa gesi hiyo.

Tuliporudi nyumbani nilitoa amri kama askari. Jiko lisiingie chumbani tena. Mama alinitazama, akajifunga leso yake upya, akauliza: "Sawa, mwanangu. Umechukua moto wangu. Utanipa nini mahali pake?"

Msomaji, kama hujawahi kulala Kinangop mwezi wa Julai huwezi kulielewa swali hilo. Ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukakaa siku nzima, na mbingu zikiwa wazi usiku, asubuhi hukuta sakitu, ule umande ulioganda, umeunguza majani ya viazi. Mama alikuwa na umri wa miaka 74. Mablanketi matatu aliyokuwa nayo yalimlemea bila kumpasha joto.

Nilikuwa na jibu, na nikiri kwamba nililitoa kwa majivuno. Binamu yangu mmoja, ambaye amekimbia mbio za masafa marefu ng'ambo, alikuwa amenipa kijipakiti kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya plastiki inayong'aa kama fedha ambayo ikikunjuliwa inamfunika mtu mzima. Bila shaka umeyaona mashuka hayo kwenye televisheni. Mwanariadha wetu akimaliza mbio huko Boston au New York, kabla hata hajapumua vizuri, hufunikwa mabegani kwa kitu kinachometameta. Tangu Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za New York mwaka 1987, na za Boston mwaka uliofuata, Wakenya wengi wamefika mwisho wa mbio hizo. Mwili ulioloa jasho ukisimama ghafla katika upepo wa baridi hupoteza joto upesi mno, na shuka hilo husaidia kulizuia.

"Hili ni blanketi la wanaanga," nilimwambia Mama. "Limetokana na kazi ya watu waliokwenda mwezini."

"Huko mwezini wana baridi kama ya hapa?" aliuliza.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Niliporudi Nairobi nilikaa nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hapa duniani joto hututoka kwa njia nyingi. Hewa baridi hupita mwilini ikalibeba, kitu baridi tunachokigusa hulinyonya, na jasho likikauka huondoka nalo. Lakini ipo njia nyingine tusiyoiona: mwili hutoa mionzi ya joto pande zote. Ukisimama mbali kidogo na moto wa kuni ukahisi uso wako ukipata joto ilhali hewa iliyo katikati ni baridi, mionzi hiyo ndiyo iliyokufikia. Angani, ambako hakuna hewa, chombo hupata joto la jua na kupoteza joto lake kwa mionzi tu. Na mambo yenyewe ni makali. Upande unaopigwa na jua hupita nyuzi 100 za Selsiasi, hali upande wa kivulini hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri.

Ndipo wahandisi wakatafuta kitu chepesi kinachorudisha mionzi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Tarehe 12 Agosti 1960 Wamarekani walirusha tufe kubwa lenye upana wa mita 30, Echo 1, lililotengenezwa kwa plastiki nyembamba iliyopakwa alumini. Mwaka 1964 kituo cha Marshall cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichoko Huntsville, Alabama, kikatengeneza shuka la aina hiyo kwa kazi za angani. Alumini hugeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa, mvuke huo ukatua juu ya plastiki iliyo nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Shuka hilo huweza kurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto inayolipiga.

Kazi yake ilionekana wazi Mei 1973. Kituo cha Skylab kiliporushwa, ngao yake iling'oka na ndani kukawa na joto lisilovumilika. Wanaanga waliofuata walibeba mwavuli wa nailoni na plastiki yenye alumini, wakausukuma nje kupitia tundu dogo, ukafunguka na kukifunika kituo kisipigwe na jua. Joto likashuka, wakaweza kuishi humo.

Kwa hakika hata sisi tumekuwa na kitu cha namna hiyo jikoni kwa miaka mingi. Ile chupa ya chai ya zamani yenye kioo ndani, ambayo Mama alitukataza kuigusa tusije tukaivunja, ina kuta mbili za kioo zilizopakwa rangi ya fedha na katikati hakuna hewa. Mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892, miaka mingi kabla ya roketi ya kwanza kufika angani.

Wala Kenya si mgeni katika mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo tulikuwa tukisherehekea uhuru wetu.

Nikiwa na elimu hiyo yote kichwani, nilirudi Kinangop Jumamosi iliyofuata. Usiku nilimzungushia Mama lile shuka juu ya nguo zake za kulalia, nikamfunika na blanketi moja, nikaenda kulala nikiwa na amani.

Saa nane usiku nilisikia kelele kama za mtu anayefungua mkate. Nilimkuta Mama ameketi kitandani, shuka limekunjamana magotini. Nguo zake zilikuwa mbichi kwa unyevu na mikono yake ilikuwa baridi.

"Umenifunga kama nyama ya kuchoma," alisema. "Na bado sijaiva."

Tulicheka, lakini moyoni nilifadhaika. Nilikuwa nimekosea mara tatu. Kwanza, plastiki hiyo haipitishi mvuke. Unyevu wa mwili ulinaswa ndani ukalowesha nguo, na nguo mbichi humpoza mtu. Pili, nililibana shuka mwilini. Shuka hilo hufanya kazi vizuri likiwa na nafasi ya hewa mbele yake. Likigusana na ngozi upande mmoja na kitu baridi upande wa pili, joto hupita katikati kama kawaida. Ndiyo maana mafundi wa vyombo vya angani hupanga tabaka nyingi za plastiki hiyo na kuweka wavu mwembamba baina yake ili zisigusane.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Blanketi la angani halina moto wake. Linarudisha tu kile ulichokitoa. Mwanariadha aliyetoka kukimbia kilomita 42 anawaka kama tanuri, kwa hiyo ana kitu cha kurudishiwa. Mwanaanga ni hivyo hivyo: vazi lake la kutembea nje lina mipira myembamba ya maji inayopita karibu na ngozi ili kumpoza, maana joto la mwili wake halina pa kutokea. Lakini mzee aliyelala tuli, ambaye tayari amepata baridi, hutoa joto kidogo. Ukimrudishia kidogo atakuwa na kidogo.

Mama alilieleza kwa lugha yake asubuhi tulipokuwa tukinywa chai. "Kifaranga akinyeshewa hufuniki ungo ukaenda zako. Unamkausha kwanza, halafu unamrudisha chini ya mama yake."

Wiki hiyo nilienda Gikomba. Ukitaka kujua jinsi Wazungu wanavyopambana na baridi, usihangaike kusafiri. Pita mahali wanapofungua mabunda ya mitumba ya makoti. Mavazi yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya na Marekani huishia migongoni mwa makanga, mabawabu wa usiku na vijana wa bodaboda. Nilipata jaketi lenye bitana iliyojaa vitone vya rangi ya fedha. Muuzaji aliponiona nikiyakagua alipaaza sauti: "Chukua hiyo, mama! Ni ya NASA! Hata mwezini inavaliwa!"

Hapa nakuonya, msomaji. Neno hilo sasa limekuwa la biashara. Si kila kilichopakwa rangi ya fedha kimepimwa angani, na hata yale tunayoambiwa yalivumbuliwa kwa safari za mwezini huenda yalikuwapo kabla. Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango, iligunduliwa mwaka 1938, NASA ikiwa bado haijaundwa.

Hata hivyo, yapo mavazi yenye uhusiano wa kweli. Katika miaka ya 1980 NASA iligharimia utafiti wa glavu ambazo zingelinda mikono ya wanaanga dhidi ya joto na baridi. Watafiti walitia ndani ya kitambaa vijidonge vidogo mno vyenye nta. Hebu fikiria mafuta ya kupikia ya mgando. Mchana wa jua huyeyuka, usiku wa baridi huganda. Yanapoyeyuka hunywa joto, yanapoganda hulirudisha. Nta ile nayo hufanya hivyo karibu na ngozi yako, na leo hutumika katika glavu, soksi na matandiko. Lakini msaada wake ni wa muda. Nta yote ikishaganda, imemaliza.

Kitu kingine ni aerojeli, ambayo Mmarekani Samuel Kistler aliitangaza mwaka 1931. Ukiitazama utadhani ni moshi uliogandishwa, maana karibu yote ni hewa iliyonaswa katika vijitundu vidogo sana, na joto hupenya humo kwa shida. Gari dogo la Sojourner lililotua Mirihi mwaka 1997 lilikingwa nayo lisiharibiwe na baridi ya usiku wa huko. Kwa kuwa huvunjika kama biskuti, wataalamu waliichanganya na nyuzi ikawa kama blanketi, na sasa baadhi ya makampuni huitia katika majaketi na soli za ndani za viatu. Bei yake bado si ya mshahara wa wengi wetu.

Nililipa shilingi 1,800 nikaondoka na jaketi langu la vitone. Vitone vile vina maana, kwani kati yake kuna kitambaa kinachoacha mvuke utoke. Kosa langu la kwanza lilikuwa limeshafikiriwa na mtu mwingine.

Kakangu alishughulika na nyumba. Chumba cha Mama kilikuwa na mabati matupu juu. Usiku wa mbingu wazi mabati hutoa mionzi ya joto kuelekea angani hadi yakawa baridi kuliko hewa yenyewe, na mtu aliye chini yake hutoa joto lake kuyaelekea. Tulipigilia dari ya mbao nyembamba, tukatandika juu yake mashuka manne ya fedha, tukaacha nafasi ya hewa kati yake na mabati. Tulikwangua gunia lililoziba mlango, tukaacha matundu mawili ya hewa juu ya dirisha. Chini ya godoro tuliweka mkeka na blanketi kuukuu, kwa kuwa baridi nyingi ilikuwa ikipanda kutoka upande wa sakafu. Kila jioni kakangu huchemsha maji jikoni, nje ya nyumba ya kulala, akajaza chupa ya mpira na kuifunga kwa taulo. Mama huvaa soksi, kofia ya sufu na jaketi la Gikomba.

Chumba kilipata joto. Nilidhani kazi imekwisha.

Agosti nilipowapeleka watoto likizoni, niliamka usiku kwenda haja nikaona mwanga mwekundu jikoni. Mama alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, jaketi lake limefungwa zipu hadi kidevuni, akitazama makaa.

"Bado unasikia baridi, Mama?" nilimuuliza nikiwa nimeanza kukasirika.

"La. Kitanda kina joto."

"Basi?"

Alinyamaza kitambo, akayachokoa makaa kwa kijiti. "Tangu baba yenu aondoke, hili ndilo ninaloamka nikaliona linapumua."

Baba alifariki mwaka 2019. Tulipomzika tulimwachia Mama mablanketi, simu mpya na ahadi nyingi. Mimi niliahidi kuja kila mwisho wa mwezi, na msomaji aliye mjini anajua ahadi hizo huishia wapi: ada ya shule, mkutano wa kazini, nauli iliyopanda. Miaka mitatu nilidhani Mama anapigana na baridi ya Kinangop tu. Nilisoma habari za roketi na mwezi, nikapima dari na godoro, lakini sikuwahi kumuuliza kwa nini hasa aliliweka jiko karibu na kitanda.

Sikuwa na la kumjibu. Nilivuta kigoda kingine nikaketi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, baridi ikituuma migongoni na moto ukitupasha nyuso. Alinisimulia jinsi Baba alivyokuwa akimpa upande wa ukutani kwa sababu upande wa mlangoni una upepo. Makaa yalipogeuka majivu tukaenda kulala.

Kesho yake bintiyangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliomba kulala na Cucu wake. Asubuhi Mama alitoka mapema akiwa hana jaketi, analalamika kwamba mtoto anapiga mateke na kwamba amemtoa jasho usiku kucha. Alilalamika hivyo kila siku hadi likizo ikaisha, na siku ya kuondoka aliuliza shule zitafungwa lini tena.

Sikusema niache kazi nihamie Kinangop. Huo ungekuwa uongo. Lakini tulikaa mimi na ndugu zangu tukagawana mwisho wa wiki, kila mmoja na zamu yake, na anayekosa hutafuta wa kumshikia. Binti ya kakangu, ambaye alikuwa akilala katika nyumba nyingine bomani humo, alihamia chumbani kwa nyanya yake. Jiko halijaingia humo tena.

Msomaji, kama una mzazi sehemu za baridi, iwe Limuru, Molo au Kinangop, usingoje simu ya alfajiri. Uliza usiku huu analala na nini chumbani. Akiwa na jiko, mwambie alitoe, na uwe na kitu cha kumpa mahali pake. Mtu akiamka kichwa kikimuuma na kutapika katika chumba chenye makaa, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mkimbize hospitalini. Shuka la fedha ukilipata, usilibane mwilini juu ya nguo mbichi. Mkaushe, mvike kitu cha sufu, mpe kitu cha moto anywe, halafu shuka lije juu ya yote.

Zamu yangu ni Jumamosi ijayo. Mama amekwisha kupiga simu mara mbili kuniuliza kama nimesahau, na mara zote mbili alisingizia kwamba alitaka tu kujua bei ya viazi Nairobi.